Mashapo ya Pangani

Kwetu maji ya masika hayanywewi siku yalipochotwa. Yanashuka mekundu kwenye mfereji, rangi ya ukuta wa nyumba ambayo haijapigwa lipu, na ukiyatazama tu unajua yamepita kwenye shamba la nani. Unayamimina kwenye pipa, unafunika, unakwenda zako. Kesho yake unafunua taratibu, kama unayefunua mtoto aliyelala, unachota juu kwa kikombe, na kikombe hakigusi chini. Kinachobaki chini unakimwaga kwenye shina la mplamsi.

Mama alitufundisha hivyo. Alipofariki, na baba alikwisha kutangulia, nikaendelea kufundisha mimi. Nilikuwa kidato cha pili. Nyuma yangu kulikuwa na mdogo wangu wa kiume, aliyekwisha kuweza kushika jembe, na kitinda mimba wetu, msichana, ambaye bado alikuwa akisinzia na tonge mkononi. Niliacha shule bila kumuaga mtu. Sare yangu niliikata, nikamshonea huyo mdogo sketi.

Sikuwa mkali kwao, ila kwa pipa nilikuwa mkali. Mdogo wangu wa kiume alipenda kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko ili aone udongo ukipanda kama moshi, na kila alipofanya hivyo nilimchapa. Nilimwambia kwamba mgeni akifika ukampa maji yenye uchafu chini ya kikombe, umemtukana, na umetutukana na sisi tuliokulea. Hilo alilishika kuliko yote niliyomfundisha.

Kitinda mimba alisoma akafika chuo kikuu, na huko akachagua bahari. Jirani yetu, mama mmoja anayelima viazi upande wa pili wa mfereji, alipopata habari aliacha kupalilia.

"Bahari?" aliniuliza. "Mtoto wa huku juu? Si angesomea hata misitu, Shume ipo hapo?"

"Amependa bahari, mama."

"Anajua kuogelea?"

"Hajui."

"Basi Mungu amsaidie," akasema, akainama tena kwenye viazi vyake.

Na kwa kweli hata mimi sikuelewa anasoma nini hasa, mpaka likizo moja alipokaa nami jikoni akanieleza huku akimenya ndizi. Alisema hasomi samaki. Anasoma vitu vidogo ambavyo jicho halivioni, vijimea na vijidudu vinavyoelea kwenye maji na kwenda maji yanakokwenda. Vinaitwa planktoni. Samaki wadogo wanakula hivyo, na wakubwa wanakula hao wadogo.

"Ukichota maji ya bahari kwa kiganja, Dada, umechota kijiji kizima."

"Na wote ni wa namna moja?"

"Ndiyo kazi yangu hiyo." Aliweka kisu chini, maana huwa hawezi kueleza na mikono ikiwa na kazi. "Maji yakiwa maangavu na chumvi imekolea, unakuta aina nyingi, kila moja wachache wachache. Maji yakipoa, wanakuja wengine. Mto ukimwaga maji yasiyo na chumvi, yenye udongo na mbolea, kuna wanaokufa, kuna wanaohama, na kuna wanaozaliana mpaka wanajaza. Nataka kujua maji yakibadilika nani anabaki."

Mahali alipopachagua ni pale Mto Pangani unapoingia baharini. Akanichorea kwa unga juu ya meza njia ya maji: yanaporomoka Soni, yanafika Mombo, yanaingia Mto Mkomazi, na Mkomazi unaingia Pangani. Nilikuwa nimeyaona maji hayo maisha yangu yote na sikuwahi kujiuliza yakishapita Mombo yanakwenda wapi. Niliufuta ule unga kwa kitambaa, lakini siku ile sikutulia. Kila nilipomwaga kitu kwenye mfereji nilijihisi kama mtu anayesengenya huku akisikiwa.

Maji ya kiangazi alikwenda kuchota mwenyewe. Ya masika yalimshinda, kwa sababu masika yanakuja vipindi vikiwa vimepamba moto. Akamwomba kaka yake. Mdogo wangu huyo ni utingo wa fuso inayobeba kabichi, karoti na hoho kutoka kwetu, na kila wiki gari lao lilikuwa likifika Pangani kushusha mzigo sokoni. Akamkabidhi ndoo, chupa, na kichupa cha dawa ya ayodini, ya rangi ya chai ya rangi. Akamfundisha: chota pale kwenye gati la kivuko maji ya bahari yanapokupwa, jaza chupa, tia dawa, funga, andika tarehe.

"Basi?" kaka mtu akauliza. "Kwa hiyo nami ni mwanasayansi?"

"Wewe ni msaidizi wa utafiti."

"Msaidizi." Akalitamka polepole, kama anayevaa shati jipya. Tangu siku ile wenzake wa kwenye fuso walimwita Profesa, na akawa anaitika.

Mwisho wa muhula mdogo wetu alikuja nyumbani na hadubini ya kuazima, imefungwa ndani ya blanketi kama mtoto mchanga, na chupa zote za kiangazi na za masika. Alitaka kuhesabu na kuandika ripoti yake palepale nyumbani, kisha arudi chuoni kukabidhi. Akikabidhi na ikapita, amemaliza. Neno hilo, amemaliza, nililibeba kila mahali. Nililibeba shambani, nikalibeba kanisani. Tangu nivae nguo za mama sijawahi kuamka asubuhi bila mtu wa kusomesha, na sasa nilikuwa naona mwisho wake. Nikawa siwezi kukaa. Nilikuwa nang'oa karoti, naacha, nakuja dirishani kuchungulia kama bado anahesabu.

Aliweka meza dirishani kwa ajili ya mwanga. Kabla ya kuangalia, aliyamimina maji ya chupa kwenye mtungi mrefu mwembamba wa kioo, akayaacha yatulie siku nzima. Kisha akanyonya maji ya juu kwa mrija, akayamwaga, akabakiza kidogo cha chini. Hicho cha chini ndicho alichokiweka kwenye hadubini.

"Unamwaga mazuri, unabakiza machafu," nikamwambia.

"Dawa inawaua, wanazama. Wote wako chini."

Nikacheka, maana ilikuwa kinyume kabisa cha pipa letu. Nilicheka tu, sikuwaza zaidi ya hapo.

Chupa za kiangazi zilimpa furaha. Aliniita nikatazama. Niliona vitu kama vipande vya kioo vilivyokatwa na fundi, vingine virefu kama sindano, vingine mviringo wenye mistari, vingine vimeshikana kama mnyororo. Na kijidudu chenye antena ndefu, kimekufa kimekunja miguu. Kila alipokisogeza kile kioo, alikuja mwingine asiyefanana na wa kwanza.

Chupa za masika zilikuwa karibu tupu. Vijidudu vichache vya antena, basi. Vile vya kioo, hakuna.

"Mto umewafuta," akasema. Macho yake yalikuwa yanawaka. "Dada, tofauti kubwa hivi! Sikutegemea iwe wazi namna hii."

Akapanda pale kwenye kilima chenye mtandao, akampigia msimamizi wake. Aliporudi alikuwa anatembea upesi na matope yamempanda mpaka magotini. Mwalimu wake amefurahi. Amesema hayo ni majibu safi, aandike.

Jumapili iliyofuata tulikula sote watatu, tumetoka kanisani, mvua inapiga bati mpaka tunaongea kwa kupaza sauti. Mdogo wangu wa kiume alikuwa ametoka safari. Alikuwa na njaa na maneno mengi.

"Enhe, Daktari, chupa zangu zimekupa nini?"

"Zimenipa majibu mazuri, Kaka. Wamepungua mno wakati wa masika."

"Lazima zikupe. Zako za kiangazi niliziona, zina vumbi chini. Mimi nilisema, msichana wetu atapeleka haya kwa wazungu na maprofesa, siwezi kumletea matope." Akajichotea mchuzi. "Maji ya pale masika usipime, ni uji wa ulezi. Nilikuwa nachota ndoo, naiweka kivulini, nafunika na gunia. Nashusha kabichi zangu. Nikimaliza nakuta yametulia, namimina ya juu tu, taratibu, hata ndoo haitikisiki. Hata Dada hapa angenisifu. Maji yangu ungeweza kumpa askofu."

Mimi nilikuwa na kijiko mdomoni. Nilimtazama mdogo wetu. Alikuwa amekiangalia kikombe cha maji kilichokuwa mbele yake, kile ambacho kaka yake mwenyewe alikuwa amemchotea kutoka kwenye pipa dakika chache kabla, maji maangavu ambayo ungeweza kusoma gazeti ukilitazama kupitia humo.

"Na ya chini?" akauliza. "Ulimwaga?"

"Ningeyapeleka wapi?"

"Ahsante, Kaka," akasema. Akanyanyuka, akachukua mwavuli, akatoka.

"Ana nini?" kaka mtu akaniuliza.

"Tumbo," nikamjibu. Sijui kwa nini nilisema tumbo.

Nilimkuta kwenye kitalu cha kabichi, amesimama kwenye mvua na mwavuli ameufunga. Nikamwambia arudi ndani. Hakuniangalia.

"Wazito walizama kwenye ndoo," akasema. "Waliobaki juu ni wale wenye kuogelea. Hawajafutwa na mto, Dada. Wamefutwa na Kaka."

"Sasa?"

"Sasa sina masika."

Maji yalikuwa yanapita kati ya matuta, mekundu, yanakwenda zake. Nikamuuliza kama kuna anayejua zaidi ya sisi. Akasema hakuna. Nikamuuliza mwalimu amesemaje kuhusu majibu. Akasema unajua alivyosema. Kisha akasema kile ambacho mimi pia nilikuwa ninakiwaza, ila yeye ndiye aliyekitoa mdomoni.

"Yanafanana na yale ambayo kila mtu anayategemea. Nikiandika hivihivi hakuna atakayeuliza. Nitamaliza mwaka huu."

Ningetaka kusema nilimkataza palepale. Sikumkataza. Niliondoa jani la kabichi lililooza, nikaondoa na la pili. Nilifikiri masika mengine ni mpaka mwakani, na mwakani ni mbali. Nikafikiri pia juu ya yule aliyeko ndani anayemalizia mchuzi, aliyechota ndoo baada ya ndoo kwa heshima yote niliyomfundisha kwa fimbo. Tukimwambia, tutamwambiaje? Tukae kimya basi, nikawaza. Kimya kinawafaa wote wawili.

Lakini kimya chenyewe hakikukaa. Siku zilizofuata mdogo wetu alikaa mbele ya karatasi zake haandiki. Alichonga penseli. Aliosha vioo vilivyokwisha kuoshwa. Nami nilitoka nikaingia, nikasahau chungu motoni mara mbili, nikapalilia mstari ambao tayari nilikuwa nimeupalilia. Nyumba yetu ni ndogo na watu wawili waliokosa utulivu wanagongana kila mahali.

Aliyeimaliza habari ni kaka mtu mwenyewe. Alirudi kutoka safari, akapita dirishani, akaona ule mtungi mrefu wa kioo. Ulikuwa na maji ya chupa yake, yamewekwa tangu jana. Akainama, akaangalia chini ya mtungi, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Pembeni kulikuwa na mtungi wa maji ya kiangazi, na chini yake kulikuwa na unga mwembamba wa kahawia.

"Unakitumia kipi?" akamuuliza mdogo wake. "Cha juu au cha chini?"

Msichana hajui kudanganya, hakuwahi kujua. "Cha chini, Kaka."

Alikaa kwenye kiti, kofia mkononi. Nilingoja apaze sauti. Alijikuna shingo.

"Kwa hiyo nilikuwa nakumwagia masomo yako mtoni," akasema.

"Sikukueleza vizuri. Nilisema ujaze chupa tu, sikusema—"

"Hapana. Ulisema nijaze chupa. Hukusema niyatulize." Kisha akanigeukia mimi, na jicho lake lilikuwa kati ya kucheka na kulia. "Dada, fimbo zako hizo!"

Tukacheka, sote watatu, kwa namna ya watu waliochoka wanaotaka kukaa chini. Na baada ya hapo hakukuwa tena na njia ya kukaa kimya. Mdogo wetu alipanda kilimani akampigia msimamizi akamweleza yote. Sisi tulisimama chini tukimwangalia anavyotembea huku na huku na simu sikioni. Aliposhuka alisema chupa zote za masika zitupwe. Mwalimu hakugomba, ila amesema masika yanaisha. Akipata maji sahihi hata mara moja, mto ukiwa bado umejaa udongo, ataandika kwa hayo na aeleze wazi kilichotokea. Akikosa, asubiri masika ya mwakani.

Na mvua, iliyotupiga Jumapili nzima, siku hiyo ilikuwa imekatika. Upande wa Mlalo wingu lilikuwa jeupe. Nilitoka nje kila baada ya muda kutazama mfereji: bado mwekundu, lakini si kama juzi.

"Kesho tunashuka," kaka mtu akasema. "Tukichelewa, Pangani itakuwa maji ya askofu."

Niliomba nafasi kwenye fuso na mimi. Dereva, mzee mwenye ndevu nyeupe ambaye hatembei bila sweta hata afike Tanga, alinipa kiti cha mbele kwa sababu nilimwamkia shikamoo kabla ya kumwomba. Mdogo wetu alikaa katikati na ndoo mapajani. Kaka yake alipanda juu ya kabichi.

Chini ya Soni udongo ulikuwa umeporomoka barabarani. Magari yalipanga foleni, vijana wanachota matope kwa makoleo. Mdogo wangu wa kiume alishuka akaenda kuchota nao bila kuombwa. Mimi nilishuka nikatembea ukingoni, nikarudi, nikatembea tena. Chini yangu mto ulikuwa unapiga kelele, mwekundu, nikafikiri: nenda, nenda, lakini usitutangulie. Ilikuwa ni ujinga kuwaza hivyo.

Tulipita. Mombo, Korogwe, Segera, kisha Muheza tukakata kulia. Tulipofika Pangani maji ya bahari yalikuwa yanajaa, yanausukuma mto kurudi nyuma, na mdogo wetu akasema hapana, si sasa. Lazima yageuke, yaanze kupwa, kama alivyofanya kiangazi. La sivyo hawezi kulinganisha.

Basi tukashusha kabichi. Nilishusha na mimi, maana kukaa nilishindwa. Dereva alikula, akalala, akaamka, akatazama saa.

"Nyinyi watu," akasema, "mmekuja kuchota maji au kuyaoa? Nina mzigo wa nazi unaningoja."

"Bado kidogo, mzee," mdogo wetu akamwambia.

"Maji ni yaleyale, mwanangu."

"Siyo yaleyale, mzee. Ndiyo shida yenyewe."

Nilikwenda kusimama kwenye gati. Nilitegemea bahari ya bluu. Mbele yangu maji yalikuwa ya kahawia mpaka mbali, na kule mbali kulikuwa na mstari, kama mtu ameuchora kwa rula, na ng'ambo ya mstari ndipo bluu inaanza. Nilitambua ile rangi. Sikuhitaji kuambiwa na mtu. Nilijaribu kuikumbuka ile mvua ya Jumapili na yale matuta yangu ambayo sikuwa nimeyapandia majani ya ukingoni ya kuzuia udongo, kisha nikaacha.

Maji yalipogeuka, yaligeuka polepole, kijiti kilichokuwa kikielea kikasimama, kikazunguka, kikaanza kwenda baharini. Mdogo wetu alitumbukiza kipimajoto, akapima chumvi kwa kifaa chake, akamkabidhi kaka yake ndoo.

"Mimi?" akauliza.

"Wewe ndiye msaidizi."

Akachota. Ndoo ilikuja imejaa uji wa ulezi, kama alivyosema. Niliona mkono wake unavyotaka kuiweka kivulini. Badala yake aliitikisa, akaizungusha, akamimina yote ilivyo mpaka chupa ikafurika kwenye vidole vyake, uso umekunjwa kama anayekunywa dawa chungu. Akachota tena, chupa ya pili, ya tatu, kila moja akiitikisa zaidi.

Wamama wawili waliokuwa wakisubiri kivuko na ndoo zao za dagaa walikuwa wanatutazama.

"Kaka," mmoja akauliza, "maji machafu hayo mnayapeleka wapi?"

"Lushoto."

"Lushoto hakuna maji?"

"Yapo, mama. Ila haya ni ya kwetu, tumeyafuata."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Yeye alifunga chupa, akaandika tarehe, mkono wake ukiwa mwekundu mpaka kwenye kiwiko.

Nyumbani mtungi wa kioo ulikaa dirishani siku nzima, na safari hii chini yake kukajengeka kitu kinene, tabaka juu ya tabaka. Sote tulikuwa tunapita tunauangalia. Kaka mtu alikataza mtu yeyote kufunga mlango kwa nguvu.

Mdogo wetu alipoanza kuhesabu, hakuwaka macho kama mara ya kwanza. Alitazama kwa muda mrefu. Udongo ulikuwa unamsumbua, ilibidi aupunguze na kuangalia tena na tena. Halafu akatuita.

Nilitazama. Punje za udongo zilikuwa kubwa kama mawe ya Soni. Katikati yake vile vitu vya kioo vilikuwepo. Vilikuwepo! Lakini vingi vilikuwa vya namna moja, virefu vyembamba, vimelaliana kila upande. Hapa na pale kimoja cha namna nyingine. Vya aina zile za kiangazi vilikuwa vichache, na vingine vimevunjika.

"Hawa wembamba si wa baharini kabisa," akasema. "Wanapenda maji yaliyopungua chumvi, na mto unawaletea mbolea. Na huyu hapa wa kijani ni wa maji baridi, yasiyo na chumvi kabisa. Ametoka juu."

"Juu wapi?" kaka yake akauliza.

"Juu huku. Au Magoma, au Moshi, mto ni mrefu. Siwezi kusema."

"Kwa hiyo ni wengi kuliko wa kiangazi," nikasema.

"Ni wengi, Dada, lakini aina zimepungua. Kuwa wengi siyo kuwa wa namna nyingi."

Hilo nilielewa bila hadubini. Ukimwaga mbolea ya kukuzia kwenye kona moja ya kitalu, kesho kutwa unakuta gugu moja limeota, limejaa, limestawi vizuri sana, na mchicha na mnavu uliokuwa unajiotea umepotea. Ukitazama kwa mbali unasema, kijani hiki! Nikamweleza, na yeye akaitikia kwa kichwa bila kuondoa jicho, akiendelea kuhesabu.

Aliandika. Ripoti ilikuwa nyembamba kuliko aliyotaka, kwa sababu masika yake yote yalikuwa ni alasiri ile moja ya gatini, na alisema hivyo. Kabla hajaondoka kaka yake alimwomba amsomee ile sehemu inayomhusu. Akamsomea kwa Kiswahili, akitafsiri huku akisoma: kwamba sampuli za awali hazikutumiwa, kwa kuwa msaidizi aliyazoea maji ya mto ya milimani na aliyaacha yatulie kabla ya kujaza chupa.

Kaka mtu akainua kichwa. "Umesema aliyazoea."

"Ndiyo."

"Hukusema ni mjinga."

"Sikusema, Kaka."

"Basi iache hivyohivyo."

Alirudi chuoni, na sisi tukabaki. Wiki zile sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nilipanda majani kwenye kingo za matuta mpaka jirani yetu akaniuliza kama nimepata wawekezaji wa ng'ombe. Simu nilitembea nayo shambani kwenye mfuko wa plastiki, na kila ilipolia ilikuwa ni mtu anauliza bei ya karoti.

Ujumbe ulikuja tukiwa mferejini, mimi na mdogo wangu wa kiume, tunaosha karoti. Nilifuta mikono kwenye kanga nikasoma. Nikasoma tena. Ulikuwa mfupi: imepita, kuna marekebisho machache, amemaliza.

Nilimpa simu. Alisoma, akaitazama mara mbili, akanirudishia, kisha akaketi kwenye jiwe na miguu ndani ya maji.

Nilitegemea kitu kitulie ndani yangu. Nilisimama nikingoja. Vuli ilikuwa bado haijaanza, na maji ya mfereji yalikuwa maangavu, unaona kila kijiwe chini, isipokuwa pale tulipokuwa tunasugua. Kutoka pale yalikuwa yanaondoka na udongo wa karoti zetu, mstari mwembamba mwekundu, yanakata kona kwenye migomba na kupotea.

"Sasa, Dada," akasema, "hakuna mwingine wa kusomesha. Zamu yako. Urudi kidato cha pili, tukushonee sare."

"Nyamaza. Kamata karoti."

"Sketi nitakukatia kwenye suruali yangu."

"Karoti, nimesema."

Akacheka, akainama. Nami nikainama. Lakini nilikuwa nimekwisha kuanza kufikiri ni wapi, hapa Lushoto, wanafundisha watu wazima, na kama wanapokea mtu wa umri wangu, na nilisugua karoti ileile mpaka ngozi yake ikaanza kutoka.